Mlango wa babu Ilala: tulidhani umeoza, kumbe tatizo lilikuwa sakafuni (uzi wa ukarabati wa mbao za zamani)

#1 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Nyuzi nyingi za ukarabati humu zinaanza na "nimebomoa, nimetupa, nimeweka vipya". Huu ni wa mtu aliyekaribia kutupa akazuiwa na bibi yake, na kila nikipita mlangoni namshukuru.

Nyumba ni ya babu mzaa baba, iko Ilala, Dar es Salaam. Ni nyumba ya Kiswahili kama mnavyoijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Babu alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akaimaliza mwaka 1958. Mlango wa mbele una mabawa mawili, mfaa katikati (ule ubao wa wima mabawa yanapokutana), miimo minene (nguzo za pembeni za fremu), na kizingiti cha mbao ambacho lazima unyanyue mguu kukivuka. Si mlango wa nakshi kama ile ya Bagamoyo au Unguja. Juu yake pana ubao mmoja tu wenye mstari wa maua, na ua la nne kutoka kulia limepinda kidogo, hapo patasi ilimteleza mtu. Basi.

Kikao cha familia kilikubali tukarabati masika yakiisha. Baba mdogo alikuwa ameshaomba makadirio ya mlango wa alumini na kioo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Paa ezueni mkitaka. Mlango niachieni."

Hali yake ilikuwa mbaya kweli. Rangi ya mafuta ya buluu imepasukapasuka kama tope lililokauka juani. Bawa la kulia linaburuta. Mguu wa mwimo wa kushoto, ukiubonyeza kwa kidole, kidole kinazama. Fundi wa kwanza tuliyemwita alipima kwa futi dakika tano, akasema mlango umekwisha, toa.

Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja wa Keko, fundi seremala tangu ujana wake. Alifika asubuhi, tukaamkiana, akakaa barazani. Mlango hakuutazama. Akaomba ndoo ya maji. Akaimwaga taratibu pale ukingoni mwa baraza ambako mvua hupiga, akakunja mikono. Maji hayakwenda barabarani, yalirudi ndani. Yakatambaa juu ya vigae, yakafika mlangoni, yakasimama palepale kwenye mguu wa mwimo wa kushoto.

"Mlango wako hauumwi, mjukuu wangu," akasema. "Inayoumwa ni sakafu."

Miaka ya tisini sakafu ilinyanyuliwa kwa zege, na zege likamwagwa mpaka likaikumbatia miguu ya miimo. Baadaye baraza likawekwa vigae, na aliyeviweka akavilaza kuelekea ndani. Maji yanaingia kwenye ule ufa mwembamba kati ya mbao na saruji, halafu hayana pa kutokea. Mbao inashinda ndani ya soksi mbichi mwaka mzima. Hata ingekuwa alumini, skrubu na fremu zingeanza kulika palepale.

Kwa hiyo ndugu, kabla hujashusha mlango wowote wa zamani, mwaga ndoo moja ya maji. Mengine yote nitakayoandika humu yanafuata hapo.

Nitaendelea kesho na habari ya rangi.

#2 Kitongoji

Nipo hapa nasubiri. Picha mkuu, hasa hilo ua lililopinda.

#3 Mwana Temeke

Mkuu, naheshimu kumbukumbu ya babu, lakini tuwe wakweli. Siku za fundi, msasa, dawa, vanishi, si bora ungenunua mlango mpya ukamaliza? Mimi nimeweka milango sita mipya kwa wiki moja.

#4 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Mwana Temeke, swali la haki. Nami nililiuliza.

Mzee alipokwangua sehemu ndogo nyuma ya bawa, tukaona mbao ya hudhurungi yenye wekundu, laini mkononi. Mninga. Nikadhani fremu nayo ni mninga, maana ndivyo ilivyosemwa nyumbani miaka yote. Yeye akalowanisha kitambaa cheupe, akakisugua kwenye mwimo uliokwanguliwa, akanionyesha. Kitambaa kimekuwa cha njano. Akasema huu ni mkongo. Vitundu vyake vina unga wa njano, na ukipata maji unatoka. Kumbe aliyeujenga mlango alichagua kwa makusudi. Mkongo ni mzito na mgumu, akaupa kazi ya kusimama ukutani na kubeba. Mninga haujikunji wala hausinyai sana ukikauka, akaupa kazi ya kufunga na kufungua.

Sasa nenda kanunue mninga na mkongo leo. Hii ni miti ya asili inayokua polepole, uvunaji wake unataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na iliyobaki iko mbali na Dar. Kinachopatikana kirahisi ni mbao changa yenye nyeupe nyingi pembeni. Ile nyeupe ndiyo chakula cha mchwa na bungua. Moyo wa mti ndio wanaoukwepa. Mlango wa babu karibu wote ni moyo, ulikatwa enzi mti mkubwa ulikuwa unapatikana. Na milango mingi inayouzwa kwa jina la mninga ni mbao laini iliyopakwa vanishi nyekundu.

Mlango mpya wa mbao hiyohiyo, unene huohuo, nikiulizia nashindwa. Wa bei nafuu naumudu, ila utakuwa mlango mwingine kabisa.

#5 Mwana Temeke

Hapo kwenye kitambaa cha njano umenishika. Leo jioni napita kwa mama mkwe nijaribu.

#6 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

RANGI. Hapa naomba wenye watoto wadogo msome polepole.

Mzee alikata alama ndogo ya mshazari kwa kisu kwenye rangi, akaipiga msasa laini wenye maji mpaka matabaka yakaonekana kama pete za kitunguu. Tulihesabu saba. Buluu, buluu nyingine, kahawia, kijani, kijivu, krimu, na chini kabisa nyeupe nzito.

Rangi za mafuta za zamani ziliwekwa risasi, ile metali yenyewe, ili zikauke haraka, zing'ae na zidumu. Nyeupe, njano na nyekundu ndizo hasa. Rangi ikiwa imetulia ukutani haina neno kubwa. Hatari inakuja ukiisaga ikawa vumbi. Vumbi lile linaingia kifuani, linaanguka sakafuni, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sisi tuna mtoto wa dada yangu wa miaka miwili, mchana kutwa yuko barazani.

Na hapa ndipo kosa letu lilipo. Siku ambayo mzee hakuja, baba mdogo alimleta kijana wa karakana moja na grainda yenye diski ya msasa, kwa nia njema ya kuharakisha. Nilirudi kutoka kazini saa kumi. Baraza lote lina unga wa buluu, nguo zilizoanikwa kwa jirani zina unga wa buluu, na kwenye paneli ya chini ya bawa la kushoto kuna mabonde matatu yenye umbo la mwezi mwandamo. Grainda ni ya chuma, ndugu zangu. Kwenye mbao haibagui rangi na ubao, inakula kote. Nilisimamisha kazi. Mtoto tulimpeleka kwa shangazi Mbagala wiki tatu. Nguo za jirani tulizifua sisi, na kwenda kumwomba radhi tulikwenda na bibi.

Tuliyofanya baada ya hapo ni ya polepole. Plastiki chini, kona hadi kona, imebanwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Barakoa nzito, siyo kitambaa. Tunalowanisha kwa chupa ya kupulizia, tunakwangua kwa skrepa, tunalowanisha tena. Penye rangi nene tulitumia dawa ya kutolea rangi, unaipaka, unaiacha ivimbe kama maandazi, unaikwangua kabla haijakauka. Kwenye maua ya juu mzee alitumia vipande vya kioo vilivyovunjwa, anashika kwa kitambaa, anakokota kwa ukingo. Kinatoa rangi nyembamba kama ganda la kitunguu bila kugusa umbo la ua. Nilijaribu nikaweza kidogo, ila lile ua lililopinda nilimwachia yeye.

Mashine ya kupuliza hewa moto nayo inafanya kazi, ila joto likizidi risasi inageuka mvuke na unaivuta. Sisi tuliacha. Takataka zote tulifunga kwenye mifuko miwili, hatukuchoma. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Siku kumi na moja kwa mlango mmoja. Ninaandika idadi ili mtu asije akaanza Jumamosi akidhani Jumapili jioni anapaka vanishi.

#7 Mama Wawili Upanga

Asante sana kwa hili la risasi, nimemsomea mume wangu lote.

Naongeza la kwetu. Nyumba tunayokaa Upanga ina madirisha ya mbao yenye vipande vya kupitisha hewa, yale ya kulala mshazari. Karakana tuliyoipa kazi iliyachukua yote ikayatumbukiza kwenye pipa la kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Rangi ilitoka yote kwa siku moja, tukafurahi. Yaliporudi mbao ilikuwa imekuwa nyeusi na ina manyoya. Gundi ya zamani kwenye viungo ilikuwa imeyeyuka, dirisha ukilishika linacheza. Tukapaka vanishi. Baada ya miezi miwili chini ya vanishi kukatokea unga mweupe kama chumvi, vanishi ikaanza kubanduka vipande vipande.

Fundi mwingine ndiye aliyetueleza kwamba kostiki ilibaki ndani ya mbao. Ilibidi tukwangue tena, tuoshe kwa siki iliyochanganywa na maji, tuoshe kwa maji matupu, tukaushe kivulini wiki kadhaa, ndipo tugonge upya na kuunga. Madirisha manane. Ningelijua ningekwangua kwa mkono.

#8 Randa Kali

Mimi ni fundi, nipo Buguruni, nisalimieni huyo mzee wa Keko. Njia yake ya ndoo nimeipenda, naichukua.

Naongeza jambo moja kwa sababu kila mwezi wa nne simu yangu haipumziki. "Fundi, mlango unagoma, njoo upige randa." Wengi wetu tunakwenda kwa sababu ni hela ya haraka. Tunaondoa nusu sentimita, mteja anafurahi. Mwezi wa nane ananipigia tena, mlango una uwazi wa kupitisha panya.

Mbao inakunywa unyevu wa hewa na inavimba kwa upana wake. Kwa urefu inaongezeka kidogo mno, kwa macho huoni. Masika Dar hewa yenyewe ni maji, mlango uvimbe usivimbe? Kabla ya randa fanya hivi. Angalia bawaba ya juu kwanza, mara nyingi skrubu zimelegea na mlango umeinama tu. Chomoa skrubu, jaza tundu kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, funga skrubu upya. Kama bado unagoma, chora kwa penseli pale unapogusa, usubiri mpaka kiangazi. Kama kiangazi nao unagusa, hapo piga randa, kidogo.

Halafu shusha mlango uutazame ukingo wa juu na wa chini. Kwenye milango kumi, tisa haijawahi kupakwa kitu pale, kwa sababu haionekani. Na hapo ndipo ncha za nyuzi za mbao zilipo, zinavuta maji kama mrija. Paka ukingo wa chini mara mbili na wa juu mara mbili. Nusu ya kugoma kwa masika inaishia hapo.

#9 Kitongoji

Randa Kali, nimetoka kuutazama mlango wangu kwa chini kwa kutumia kioo kidogo cha kunyolea. Mweupe kabisa, haujawahi kuona rangi tangu uletwe.

#10 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Randa Kali, salamu zimefika. Mzee anasema ongeza: mlango wa mvule kabla ya kupiga randa utazame vizuri, ndani unaweza kuwa na mawe, chokaa ngumu inayojitengeneza mtini, meno ya randa yanakatika. Na vumbi lake linawasha pua na ngozi.

Sasa MGUU WA MWIMO, ambao ndio moyo wa uzi huu.

Tulianza na sakafu. Kijana mwenye tindo alichonga zege lote lililokumbatia miguu ya miimo, upana wa kiganja. Hapo ndipo tulipowaona wenyeji. Nyuma ya fremu, kutoka ardhini, vijia vya udongo vyembamba kama mrija wa soda, vinapanda mpaka usawa wa bawaba. Mchwa. Lakini mzee alinionyesha jambo la ajabu. Walikuwa wamekula vipande vya mbao laini vilivyopachikwa miaka ya karibuni kujazia uwazi, wamekula na ule ukingo mweupe kidogo wa mwimo, walipofika kwenye moyo wa mkongo wakageuza njia. Kilichouozesha mguu ni maji. Mchwa walifuata ulaini.

Tulivunja vijia, tukachimba mfereji mdogo kando ya ukuta, mtu wa dawa akaweka dawa ya mchwa ardhini. Usipige dawa kwenye mlango ukadhani umemaliza. Kiota kiko chini, mlango ni kituo cha basi tu. Na kama unaona vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga laini kama poda, huyo si mchwa, ni bungua, na dawa yake inaingizwa kwa bomba la sindano tundu kwa tundu.

Baada ya wiki mbili za kukauka, mzee alichokonoa mbao iliyooza kwa bisibisi mpaka akafika mahali bisibisi iligoma. Sentimita 32 kutoka chini. Hakukata kwa kunyooka. Alikata kwa mshazari mrefu, na mteremko wake ukielekea nje. Nilimuuliza kwa nini. Akaweka kidole kwenye mkato akakiteremsha: tone la mvua likifika kwenye kiungo liendelee na safari nje, lisipate pa kukaa. Kipande cha kuungia kilikuwa mkongo wa zamani, mguu wa meza iliyovunjika tuliouokota Buguruni. Nyuzi zimeelekea juu kama za mwimo wenyewe. Gundi ya epoksi, vigingi viwili vya mbao, hakuna msumari. Chuma kwenye mbao kama hizi, na hewa yetu hii yenye chumvi ya bahari, kinaota kutu na kuacha doa jeusi. Skrubu zote za mlango sasa ni za shaba.

Mguu mpya haukai juu ya saruji. Chini yake kuna jiwe lililonyanyuka sentimita mbili, na kati ya jiwe na mbao kipande cha plastiki nzito. Baraza limevuliwa vigae vya mstari wa mbele, vikalazwa upya kuelekea barabarani. Plasta ya saruji kuzunguka fremu tumeitoa, tukarudisha chokaa na mchanga, kwa sababu ukuta wa udongo na fito ukifunikwa saruji unabaki na jasho lake ndani. Chokaa inaliachia.

Yale mabonde matatu ya grainda mzee alitaka kuyajaza kiraka cha mninga. Mawili alijaza. Kuonekana yanaonekana, ukijua pa kutazama. Moja lilikuwa jembamba mno, tuliliacha.

#11 Mwana Temeke

Nimetoka kwa mama mkwe. Kitambaa hakikuwa cha njano. Ila mlango wake ni mzito kuuinua watu wawili. Usalama je? Wezi wa siku hizi mlango wa mbao si wanausukuma tu?

#12 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Bawa letu lina unene wa sentimita tano, halisukumiki. Mwizi akipiga teke, kinachopasuka kwanza kwa kawaida ni fremu pale kitasa kinapoingilia, kwa sababu kimefungwa kwa skrubu fupi. Tuliweka bati nene la kupokea kitasa, skrubu ndefu zinazopita fremu mpaka ukutani. Ndani tumerudisha komeo la mbao la babu, na tumbuu na riza ya zamani (pete na mnyororo wa kufungia mlango) zipo. Kitasa kipya tulikiweka kwenye tundu la kitasa cha zamani bila kukata mbao mpya. Mkitoboa mlango wa zamani, toboeni mara moja tu na mahali pamoja.

#13 Pwani Moja

Habari za humu. Sisi kwa shangazi Bagamoyo tuna mlango wa nakshi, fremu yake yote imechongwa minyororo na mayungiyungi. Kuna mtu amekuja anataka kuununua ausafirishe nje, ametaja hela nzuri. Familia imegawanyika. Kuna anayejua taratibu?

#14 Mama Wawili Upanga

Dada au kaka, msipokee hata shilingi kabla hamjakwenda Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa hapa nchini kabla ya mwaka 1940, kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Ni vitu vinavyolindwa, kuvitoa nje bila leseni ni kosa. Huyo mnunuzi akiwaambia ni samani tu ya nyumbani, msimwamini.

Kama mnataka kuona mlango wa aina hiyo ukiwa umetunzwa mahali pake, nendeni Boma la Kale pale Sokoine Drive, Dar, jengo la enzi za Sultan Majid miaka ya 1860. Simameni karibu mtazame viungo. Utaona mfaa, utaona jinsi fremu ilivyoshikana kwa ulimi na tundu.

#15 Pwani Moja

Nimemsomea shangazi. Amenyamaza, kisha ameomba nimsomee tena. Asante sana.

#16 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Pwani Moja, mpe shangazi pole na salamu. Mlango kama huo msiukwangue wenyewe kabisa, na msasa usiuguse.

Namalizia upande wangu. MAFUTA AU VANISHI.

Nilitaka vanishi ya kung'aa. Mlango wetu unatazama magharibi, jua la saa tisa linaupiga mpaka kuzama. Mzee aliniuliza nimewahi kuona mlango wa nje wenye vanishi ya kung'aa ukiwa mzuri baada ya miaka mitatu Dar. Nilitafuta mtaani kwetu sikuupata. Vanishi inatengeneza ngozi, jua linaikausha inapasuka, maji yanaingia chini ya ngozi, na kuitengeneza lazima uikwangue yote. Mafuta ya kitani (linseed) yanaingia ndani ya mbao. Yakichoka unafuta vumbi na kupaka tena.

Bibi alisema zamani alikuwa akiupaka mafuta ya nazi kila Idi. Mzee alimjibu kwa adabu sana kwamba mafuta ya nazi hayakauki, yanakaa yakinata na kuokota vumbi la barabara, ila kwa kuwa aliyapaka kila mwaka, ndiyo maana chini ya rangi zote zile mbao ilikuwa haijapasuka. Sijui kama ni kweli au alitaka kumfurahisha bibi. Bibi alifurahi.

Tuliyofanya: madoa meusi ya misumari ya zamani tuliyafuta kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa, glavu mkononi, kisha maji mengi. Msasa namba 120, halafu 180, kufuata nyuzi daima. Mkono wa kwanza mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini, yapenye. Baada ya dakika ishirini unafuta yote yaliyobaki juu, usiyaache yakae, yatanata. Siku mbili. Mkono wa pili na wa tatu mafuta yenye tapentaini kidogo. Ukingo wa chini na wa juu mikono minne, kwa heshima ya Randa Kali.

ONYO, na hili ni zito. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto, bila kiberiti. Sisi tulivianika kimoja kimoja kwenye kamba uani mpaka vikakauka vikawa vigumu kama kadibodi, ndipo tukavitupa.

Riza na tumbuu zilisuguliwa na bibi mdogo kwa ndimu na majivu, mchana mzima, amekaa mkekani. Sikujua ni za shaba. Maisha yangu yote nimezijua zikiwa za buluu.

#17 Kitongoji

Vuli imeanza. Tuambie mlango unaendeleaje.

#18 Mjukuu wa Ilala (mleta uzi)

Jana usiku ilinyesha ile ya kweli. Niliamka saa tisa nikatoka na tochi. Maji yalipiga ukingo wa baraza yakateremka barabarani. Jiwe la mguu wa kushoto lilikuwa limelowa upande wa nje tu, na mbao juu yake kavu, niliigusa kwa kiganja. Bawa la kulia linafunga kwa kidole kimoja.

Asubuhi bibi aliketi mlangoni na kikombe chake, mgongo kwenye mwimo, kama anavyokaa siku zote.

Jumamosi tunaanza madirisha mawili ya mbele. Nahitaji bawaba nne za shaba za zamani za inchi nne, zenye pini ya kuchomoka. Eneo la Gerezani hapa Dar nimezunguka nimepata mbili tu, na za ukubwa tofauti. Mwenye nazo au anayejua nyumba inayobomolewa yenye madirisha ya aina hiyo, aandike hapa.